Karatasi Yenye Haraka Kuliko Mwezi

Nahodha alinikuta kwenye baraza ya duka moja la Langoni, Lamu, kikombe cha kahawa mkononi, kashata nimeimega nusu. Hakukaa. Aliibandua karatasi yangu pale mlangoni ilipogandishwa, akaniwekea mapajani.

“Asalaam aleikum, mwanangu. Hini ni mai ya mwezi gani?”

“Waaleikum salaam, ami. Ya Februari. Pale juu imeandikwa.”

“Maandishi nimeyaona. Nakuuliza mai.”

Alikuwa ametoka Mtangawanda alfajiri, na abiria kumi na wawili na mbuzi wawili, akikusudia kuupita Mkanda maji yakiwa yamepanda vya kutosha. Mkanda, kwa asiyeujua, ni ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, njia ya mkato ya waendao Pate na watokao. Maji yakiwa machache, chombo chenye mzigo hukaa. Chake kilikaa. Walitulia pale zaidi ya saa nzima wakitazamana na kaa, mpaka maji yalipokuja yenyewe yakawainua. Hakuna aliyeumia, na hakuna kilichovunjika ila heshima ya nahodha mbele ya abiria wake, na hiyo ndiyo aliyokuja kunidai.

“Karatasi yako ina haraka kuliko mwezi,” akasema. “Yanena mai yamejaa. Mwezi haujayaleta bado.”

Niliichukua karatasi nikaitazama kama mtu anayeonyeshwa picha yake mwenyewe amelala mdomo wazi. Juu kabisa, kwa herufi nene: MAJI YA LAMU, FEBRUARI. Chini yake siku, saa za maji kujaa na kupwa, na vimo vyake. Kila kitu mahali pake. Na nilipozilinganisha namba zile na zile za simu yangu, zilikuwa za Januari, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

Hapa lazima nieleze kwa nini kosa hili halikuonekana na mtu yeyote kwa siku kadhaa. Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi. Januari ina siku 31. Kwa hiyo ukichukua maji ya Januari ukayavisha kanzu ya Februari, unakosea kwa siku moja na nusu tu ya mwezi, na kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, tofauti inakuwa saa moja na robo. Ingekuwa saa sita, mtoto wa chuoni angecheka. Saa moja na robo ni kosa la mtu anayekaribia kuwa mkweli, na baharini huyo ndiye mbaya.

Mimi hula kwa kuandika programu. Wateja wangu wengi sijawahi kuwaona uso kwa uso, na hao hunilipa. Karatasi ya maji hainilipi. Niliianza kwa sababu jedwali rasmi lililochapishwa lina namba ndogo kama chawa na saa za kizungu, na manahodha niliokua nikiwaona wanasoma saa kwa Kiswahili. Nikaona nizipige namba zile kwenye faili moja kila mwezi, niandike skripti, yaani programu fupi, izigeuze ziwe ukurasa mmoja mkubwa wa kuchapisha na ukurasa mwingine wa kusomwa kwenye simu. Kazi ya jioni mbili. Imekuwa miaka.

Kichwa cha ukurasa, yaani jina la mwezi, sikukiandika kwa mkono. Uvivu huo ndio asili ya makala haya. Nilijiambia: kila mwezi nitaifungua faili ya namba, nitazibadilisha, nitaihifadhi; basi kompyuta tayari inajua faili ilibadilishwa lini. Kwa nini niandike mara mbili? Skripti ikaambiwa: soma tarehe ya mwisho faili iliporekebishwa, chota jina la mwezi humo, liweke juu. Kwenye kompyuta yangu ya mapajani ilifanya kazi bila lawama kwa zaidi ya mwaka.

Kisha nikawa mtu wa kisasa. Msimbo wote nikautia kwenye Git, zana ya kutunza historia ya kila badiliko, nikaunganisha na huduma moja ya mbali ambayo, kila alfajiri na kila nikipeleka badiliko, huwasha mashine safi, huchota kazi yangu yote, huijenga, huipeleka hewani, na kumtumia mwenye duka ukurasa wa kuchapisha. Mwezi huo wa Februari nilikuwa na homa, namba mpya sikuzitia. Huduma haikujua homa. Iliamka alfajiri ya tarehe mosi kama kawaida yake, ikachota faili ya Januari, na kwa kuwa faili ile ilizaliwa juu ya diski yake dakika ile ile, tarehe yake ikawa ya leo. Leo ni Februari. Basi Februari.

Wenye kazi hii watanicheka, na wana haki. Git haihifadhi tarehe za faili. Huhifadhi kilichomo ndani yake, jina lake na kama inaruhusiwa kuendeshwa. Tarehe huandikwa kwenye rekodi ya kila badiliko, si kwenye faili moja moja. Unapoichota kazi mahali papya, kila faili hupewa saa ya kufika hapo. Nilipolijua hili mara ya kwanza nililiona kama uzembe wa waliotengeneza. Si uzembe. Sababu yake ni nzuri, na ili kuieleza inabidi nirudi nyuma hadi 1976.

Mwaka huo, kwenye maabara ya Bell kule New Jersey, Stuart Feldman alitembelewa na mwenzake Steve Johnson akiwa amefura kwa hasira. Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ndani ya programu ambayo haikuwa na kosa. Kosa alishalirekebisha, alichosahau ni kuigeuza upya faili moja iwe lugha ya mashine, kwa hiyo mashine ilikuwa ikiendesha kipande cha zamani huku yeye akisoma maandishi mapya. Feldman akaandika Make. Ukiondoa mapambo yake yote, Make huuliza swali moja: kati ya hiki kilichojengwa na kile kilichokijenga, kipi kimeguswa baadaye? Ikiwa maandishi yameguswa baada ya kitu kilichotokana nayo, jenga tena. La sivyo, acha.

Liangalie swali lenyewe. Make haiulizi faili ina umri gani. Haiulizi ni mwezi gani, wala mwaka. Inauliza nani kamtangulia mwenziwe, kama mtoto anayetaka kujua kati ya wajomba wawili yupi mkubwa. Miaka yao haimhusu. Faili zote mbili ziko juu ya diski moja, zimepigwa muhuri na saa moja. Hata saa hiyo ikiwa imekosea kwa miaka kumi, imewakosea wote sawasawa, na jibu linabaki sahihi.

Sasa rudi kwenye Git. Tuseme unafanya kazi kwenye tawi jipya la msimbo, yaani toleo la pembeni la kazi ile ile, umejenga, kisha unarudi kwenye tawi la zamani kutazama jambo. Git ikikurejeshea faili za zamani pamoja na tarehe zao za zamani, Make itatazama na kusema: maandishi haya ni ya mwaka jana, kilichojengwa ni cha leo, hakuna la kufanya. Na wewe utaendesha programu ya tawi jipya huku ukisoma maandishi ya tawi la zamani. Asubuhi ya Johnson imerudi. Ndiyo maana Git hupiga muhuri wa sasa kwenye kila inachokigusa. Imechagua kusema ukweli kwa Make. Kwangu mimi haikuahidi chochote.

Kosa basi halikuwa la Git wala la ile huduma. Mimi ndiye niliyechukua alama iliyowekwa ili mashine ijue lipi la mwanzo na lipi la mwisho, nikaichapisha karatasini watu waisome kama habari ya bahari.

Wanakili wa vitabu wa pwani hii hawakulikosea hili. Siyu, kisiwani Pate, ilivuma kwa kunakili misahafu karne ya 18 na 19, na mnakili akimaliza kazi alizoea kuandika mwishoni, kwa kalamu ile ile na wino ule ule, jina lake na siku aliyomaliza. Kitabu kikisafirishwa, kikirithiwa, kikiuzwa, tarehe inakwenda nacho kwa sababu imo ndani yake. Hakuna aliyewahi kuusoma umri wa msahafu kwa kutazama vumbi la rafu. Tarehe ya kurekebishwa ya faili ni vumbi la rafu. Ukinakili kwa amri ya cp bila kuitaka itunze tarehe, vumbi ni jipya. Ukigusa kwa amri ya touch, vumbi ni lolote upendalo.

Ungedhani nilipolielewa hilo nilirekebisha mara moja. Nilirekebisha vibaya. Nikasema, ikiwa Git huandika tarehe kwenye rekodi ya badiliko, nitaiuliza Git: lini mara ya mwisho faili hii ilibadilishwa? Amri ya git log inajibu swali hilo vizuri kabisa. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu, ikanipa Januari. Nikafurahi, nikapeleka, nikaenda zangu Shela kuogelea.

Niliporudi, kila ukurasa ulikuwa na tarehe ya siku ile ile. Maji, nauli za mashua, hata ukurasa wa shukrani nisioufungua tangu harusi ya dada yangu. Ilinichukua usiku mzima kujua kwamba huduma zile za ujenzi, ili kuokoa muda, huchota nakala fupi: badiliko la mwisho pekee, bila historia iliyotangulia. Kwa Git iliyoko mle ndani, dunia imeanza leo, na kila faili imezaliwa katika badiliko hilo moja. Ukiiuliza lini faili ilibadilishwa, itakujibu leo, na haidanganyi. Ndicho kitu pekee inachokijua. Ilinibidi niiagize huduma ichote historia yote. Sekunde kadhaa zaidi. Kazi yangu ni ndogo. Kwa mradi mkubwa, mtu angeziona sekunde hizo kwenye bili.

Kabla ya hapo, na hili nalitaja haraka kwa sababu ni aibu, skripti yangu ya kwanza kabisa ilisoma tarehe kwa kukata safu kutoka amri ya ls -l, ile ya kuorodhesha faili. Ilifanya kazi kusi nzima. Kaskazi ilipoingia, ukurasa mmoja ukaanza kutangaza kwamba umerekebishwa “saa 2022”. Kumbe ls, faili ikishapita kama miezi sita, huacha kuonyesha saa na mahali pake huweka mwaka. Nikahamia stat, amri nyingine ya kutaja habari za faili, ambayo kwenye Linux inataka -c %Y na kwenye Mac inataka -f %m, na ukiipeleka ile ya Mac kwenye Linux haikatai moja kwa moja: inalalamika kidogo kisha inakumwagia habari za mfumo mzima wa diski, kama mtu uliyemwuliza saa akakueleza alikonunua saa yake.

Na pale dukani niliwahi kuweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, ya kujenga na kuchapisha papo hapo. Ile niliyokuwa nayo haina betri ya saa. Stima ilikatika usiku, ikarudi bila intaneti, mashine ikaamka ikidhani bado ni jana jioni, na Make ikaanza kunung’unika kwamba faili zina tarehe za kesho na kwamba ujenzi huenda haukukamilika. Niliiondoa. Sasa ipo nyumbani, wapwa zangu wanaichezea.

Lakini yote hayo ni mambo ya mashine. Lililonikalia kichwani mpaka leo ni la saa, na hapa nitakawia.

Kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa saa za Greenwich. Hapa Lamu ilikuwa saa tisa usiku, watu wamelala. Tarehe ya kurekebishwa ya faili ni namba hiyo tu, sekunde nyingi mfululizo, haina mwezi wala Jumatatu. Mwezi na Jumatatu huingia pale unapoiomba mashine ikusomee, na inasoma kwa saa za mahali ilipoambiwa ipo. Mashine za huduma ile husoma kwa saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu.

Mimi nilitaka saa za Kiswahili. Saa tatu asubuhi iandikwe tatu. Mtu wa programu akitaka hivyo hupunguza saa sita, na mimi nilifanya ujanja ambao bado naujivunia kidogo: nikaiambia skripti kwamba tupo kwenye ukanda wa saa tatu nyuma ya Greenwich. Sisi tupo tatu mbele. Ukitoa sita, unapata tatu nyuma. Huo ndio ukanda wa Buenos Aires. Ukweli ni kwamba bibi yangu akisema “saa mbili” na mtu wa Buenos Aires akitazama ukutani kwake dakika ile ile, wanasoma namba moja. Nimemweleza bibi jambo hili. Aliuliza kama hao wa huko ni Waislamu.

Saa zikatoka safi. Tarehe zikaharibika. Maji yanayojaa saa tisa na dakika 20 usiku wa Jumanne yaliandikwa mstari wa Jumatatu, kwa sababu Buenos Aires wakati huo ni Jumatatu bado. Bila kukusudia nilikuwa nimetengeneza kalenda ambayo siku huanza saa kumi na mbili, kukipambazuka. Nikaenda kuomba radhi kwa nahodha yule yule, kwa kuwa tulishakuwa na mazoea, nikitarajia kusemwa.

Aliitazama karatasi kwa muda. “Hapana kosa hapa,” akasema. “Mtu akiondoka saa tisa usiku, safari ni ya usiku ule alolala. Jumanne haijapambazuka.”

Kijana mmoja aliyekuwa akipakia magunia akadakia kwamba kosa lipo tena kubwa, kwa sababu usiku wa Jumanne umeanza tangu magharibi, na maji ya saa tisa ni ya Jumanne kwa sharia. Na mwenye duka, ambaye amesoma Mombasa, akasema siku huanza saa sita usiku na kama hatujui hivyo basi risiti zake zote ni batili.

Hao ni watu watatu wa mji mmoja, kwenye baraza moja, kila mmoja na mpaka wake wa siku, na kila mmoja anaishi nao vizuri kabisa. Yule kijana akikwambia “njoo usiku wa Ijumaa”, unajua amekusudia Alhamisi baada ya magharibi. Mwenye duka akikwambia “mzigo utafika Ijumaa usiku”, unajua ni siku ya pili yake. Hatukosani, kwa kuwa tunamjua msemaji. Faili haijulikani msemaji wake. Inatoa sekunde, na anayezigeuza kuwa siku ndiye anayeamua ni siku ya nani, mara nyingi bila kujua kwamba ameamua.

Ramadhani iliyofuata nikaliona hilo kwa upande wangu mwenyewe. Mimi kazi hufanya baada ya tarawehe, mpaka daku. Nilirekebisha ukurasa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne. Chini ya ukurasa, huduma ikaandika: umerekebishwa Jumatatu. Rafiki yangu wa Malindi akanitumia ujumbe kwamba kosa alilonionyesha Jumatatu jioni bado lipo ilhali ukurasa unasema umerekebishwa Jumatatu, kwa hiyo bila shaka nimelitazama nikalipuuza. Nilikuwa nimelirekebisha, yeye alikuwa akisoma nakala iliyobaki kwenye simu yake. Tulinuniana siku mbili kwa ajili ya saa tatu za Greenwich.

Nilivyofanya mwishoni ni kazi ya kizamani. Faili ya namba sasa huanza na mistari mitatu niliyoiandika kwa mkono wangu: mwezi gani, mwaka gani, na siku niliyozitoa namba kwenye jedwali rasmi na kuzihakiki. Kichwa cha ukurasa kinasomwa humo. Skripti ikitakiwa kujenga ukurasa wa Machi ikakuta faili inajitaja Februari, haijengi kitu. Inasimama na kunitumia ujumbe. Mwezi mmoja nilichelewa tena, na karatasi haikutoka kabisa. Mlango wa duka ukabaki na alama nne za gundi. Watu walilalamika, na nililipenda lalamiko hilo kuliko lile la kwanza.

Tarehe ya Git nimeibakiza kwa maandishi madogo chini kabisa, pamoja na saa za Nairobi, kwa anayetaka kujua mkono wangu ulipita lini mara ya mwisho. Na tarehe ya kurekebishwa ya faili, ile ya diski, nimeirudishia kazi yake: Make huitumia kuamua kama picha za ramani zichorwe upya au la. Hapo sina neno nayo. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Zana kama SCons na Bazel hutazama kilichomo ndani ya faili badala ya saa yake, na watu wa mradi wa Reproducible Builds, wanaotaka programu ile ile ijengwe popote itoke sawa herufi kwa herufi, wamekubaliana kwamba tarehe yoyote itakayotiwa ndani ya kitu kilichojengwa isomwe kutoka namba moja iliyotolewa wazi, SOURCE_DATE_EPOCH, na si kutoka saa ya ukutani ya mashine. Nimeitumia namba hiyo kwenye ukurasa wa kuchapisha. Sasa nikijenga mara mbili, napata faili mbili zisizotofautiana hata kwa herufi moja, na printa ya mwenye duka haichapishi tena karatasi mpya isiyo na jipya.

Namba ya sekunde yenyewe, mahali ilipowekewa nafasi ndogo ya biti 32, itajaa tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, jua likiwa halijachomoza. Nimemwambia nahodha. Akauliza maji yatakuwaje siku hiyo. Nikacheka, kisha nikaona ni swali la haki. Bado sijampigia hesabu.

Yeye ana hesabu yake. Manahodha wa zamani walihesabu siku kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka, kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na kwa namba hiyo walijua pepo: kaskazi itakapolegea, lini bahari ifunge, lini kusi itulie watu watoke. Namba moja inayopanda kutoka siku moja iliyokubaliwa. Nilipomwonyesha sekunde za kompyuta hakushangaa hata kidogo. “Ni Nairuzi yenu,” akasema. “Ila yenu ya haraka.”

Akataka niitie kwenye karatasi: pembeni ya kila siku, namba yake ya Nairuzi. Nikakubali, nikidhani ni kutoa na kujumlisha. Lakini mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, hauongezewi siku ya Februari kama wa kizungu, kwa hiyo kila miaka minne husogea siku moja, na inategemea nani aliendelea kuusogeza na nani aliusimamisha. Niliuliza manahodha watatu siku ya mwaka iliangukia lini safari hii. Wawili walitofautiana kwa siku nne. Wa tatu alisema wote wawili wamekosea, akaahidi kumwuliza mtu wa Faza.

Mstari upo kwenye faili, wa nne kutoka juu. Umeandikwa nairuzi, nukta mbili, kisha nafasi tupu. Skripti nimeiagiza iuruke mpaka mtu wa Faza ajibu.